Kulirudishia Jua Mawimbi Yake

1

Mvua ilianza kunyesha juani siku ya Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, na Sekela Mwambungu ndiye aliyeiona kwanza. Alikuwa kiongozi wa zamu katika chumba cha kuongozea Nyavu, kule Kitulo, ambako baridi ya Julai huwafanya wahandisi wavae masweta ya sufu hata mchana. Hakupiga kelele. Aliivuta picha ya darubini karibu, akaitazama dakika mbili nzima, kisha akanyanyua simu ya mezani.

"Profesa, shikamoo. Naomba uje. Taji la Jua linadondoka."

Profesa Subilaga Mwaisaka, mkuu wa wanasayansi wa kituo, alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka uliowachosha wasaidizi wake. Alipoiona skrini akakiweka kikombe juu ya meza ya mtu mwingine na akakisahau hapo.

Matone yalikuwa yanashuka kwenye matao ya sumaku juu ya uso wa Jua, kila tone refu kuliko Ziwa Nyasa. Yalianguka polepole, yakifuata mikunjo ya matao, yakapotea yalipougusa uso unaochemka.

"Mvua ya hivi tumeiona siku zote," alisema Subilaga. "Kwenye tao moja, mawili."

"Leo ni matao arobaini na moja, Profesa. Na yote yako chini ya Wavu wa Tatu na wa Nne."

Subilaga aliisogelea skrini. Kazi ya maisha yake yote ilikuwa ndani ya hewa ile. Uso wa Jua una joto la digrii elfu tano na mia tano hivi, lakini hewa iliyo juu yake, ile inayoonekana kama taji jeupe Mwezi unapolifunika Jua, inapita digrii milioni moja. Ni kama mtu aondoke jikoni, na kadiri anavyosogea uani ndivyo joto linavyozidi. Vizazi vya wanasayansi vilibishana kuhusu jambo hilo. Subilaga, akiwa na miaka thelathini na sita, alilipima. Kamba za sumaku zimejikita kwenye uso unaochemka, na uso huo unazitikisa mchana kutwa. Mitikisiko inapanda kama mawimbi. Lakini kamba jirani hazichezi kwa mwendo mmoja. Zinasuguana, wimbi linavunjika vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo ndivyo joto.

Akaona jambo la pili. Kama kuna mawimbi, yanaweza kuvuliwa.

Ndipo zikaundwa Nyavu, vyombo saba vinavyolizunguka Jua kwa karibu, kila kimoja kikiburuta kitanzi cha waya cha kilomita mia moja. Sumaku inapotikisika ndani ya kitanzi, umeme unazaliwa ndani ya waya, kama kwenye dainamo ya baiskeli, kisha unarushwa duniani na kupokelewa nyanda za juu. Kwa miaka kumi na tisa Nyavu zilikuwa zimezilisha umeme nchi kumi na moja. Hospitali, vinu, treni, pampu za maji, majiko. Watu walikuwa wameacha kukata miti ya mkaa. Subilaga alipopita barabarani, kina mama walimwonyesha kwa watoto wao.

"Nipe kipimo cha msokoto," alisema.

Sekela aliandika amri. Chati ikafunguka. Kamba za sumaku chini ya Nyavu hizo mbili zilikuwa zimejisokota kama kamba ya ndoo iliyozungushwa na kuzungushwa bila kuachiwa. Hewa ilikuwa imepoa kwa sababu mawimbi ya kuipasha moto yalikuwa yanachukuliwa, na hewa iliyopoa inajikusanya kuwa matone na kudondoka. Hilo la kupoa walilijua tangu mwanzo, na walikuwa wamelipigia hesabu. Msokoto hawakuupigia.

Yaani mmoja wao alikuwa ameupigia. Subilaga aliikumbuka barua ile neno kwa neno: *Mawimbi hayapashi moto tu. Mtikisiko wake ndio unaoilegeza misokoto kabla haijakaza. Tukiyachukua yote, nani atailegeza?* Iliandikwa mwaka Nyavu zilipowashwa na msaidizi wake wa wakati huo, Idarusi Shehoza, mtu wa Tanga. Subilaga aliijibu mbele ya kikao cha watu arobaini, kwa maneno mepesi, na watu wakacheka. Mwezi haukuisha, Idarusi akaondolewa kwenye mradi. Karatasi ya kumwondoa hakuisaini yeye. Alikuwa chumbani tu iliposainiwa, na hakusema kitu.

"Hii inakatika lini?" aliuliza Sekela.

"Sijui," alisema Subilaga. Alikuwa hajalitamka neno hilo katika chumba kile kwa miaka mingi. "Kuna mtu anayejua. Niandalie gari."

2

Idarusi Shehoza alikuwa na karakana pembeni mwa mji wa Tukuyu, ambako alisuka upya koili za mota za viwanda vya chai na za pampu za vijiji. Alikuwa na miaka sitini na sita, ndevu nyeupe zilizopunguzwa vizuri, na miwani miwili shingoni. Subilaga alibisha hodi kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo, Bwana Idarusi."

"Marahaba, Profesa." Alisema *Profesa* kama mtu anayesoma kibao cha ofisi. Akaifuta mikono na kumvutia kiti. "Karibu. Umetoka mbali."

Subilaga hakuketi. Alimpa kishikwambi chenye chati. Idarusi alibadilisha miwani, akasoma. Alisoma muda mrefu, akirudi nyuma na kwenda mbele, na mara mbili alitikisa kichwa kidogo kama fundi anayeona waya ulivyoungwa vibaya.

"Mkurugenzi ameona?"

"Bado. Nimekuja kwako kwanza."

Mzee alimtazama juu ya miwani. Kisha akachukua chaki na kuanza kuandika kwenye mlango wa chuma wa kabati lake. Subilaga alifuata mkono wake. Hesabu ilikuwa ile ile ya miaka kumi na tisa iliyopita, imenyooka na imetulia, kama imekuwa ikimsubiri.

"Wewe umepata siku ngapi?" aliuliza Idarusi.

"Kumi na nne."

"Kumi na moja. Umesahau uzito wa mvua inayoanguka. Inazivuta kamba chini." Akapigia mstari. "Siku ya kumi na moja zinakatika zenyewe, na zikikatika, wingu la moto linatupwa huku kwetu. Transfoma zitaungua nchi zote. Si za nchi kumi na moja, zote. Kuzitengeneza ni miaka."

"Nikizima Nyavu mbili leo?"

"Mawimbi yatarudi kwa pamoja kwenye kamba iliyokaza. Itakatika leo." Akaandika tena. "Yarudishwe kidogo kidogo. Siku tisa. Kila siku sehemu moja ya tisa, bila kuruka, bila kusimama. Hapo mtikisiko utalegeza fundo moja moja. Jua litapiga chafya, halitatapika."

Siku kumi na moja, na tisa za kazi. Zilibaki mbili tu za kupanga.

"Bwana Idarusi," alisema Subilaga, "siku ile kwenye kikao, nilikunyamazia."

"Ulininyamazia, ndiyo." Idarusi aliirudisha chaki kwenye kopo lake. "Nilikaa na hasira miaka sita. Mwaka wa saba pampu za kutengeneza zikawa nyingi. Radhi utaniomba siku ukiwa na nafasi. Sasa nipe dakika kumi nifunge karakana, na nichukue koti. Kitulo kuna baridi ya kijinga."

3

Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mkondo, iliyogawa umeme wa Nyavu, Bi. Kokugonza Rutashobya, alifika kwa ndege ndogo Jumatano kabla ya adhuhuri. Alikuwa mwanamke mzito wa sauti ya chini, na alisikiliza bila kukatiza. Sekela alieleza picha. Idarusi alieleza hesabu. Subilaga alieleza kosa, na alipofika kwenye neno *langu* hakulimeza.

"Siku tisa," alisema Mkurugenzi. "Na tukimaliza, tumepoteza umeme kiasi gani?"

"Nyavu mbili kati ya saba," alisema Sekela. "Karibu theluthi moja."

"Basi inawezekana." Kokugonza alitoa karatasi kwenye mkoba. Alikuwa ameshaifanyia kazi ndani ya ndege. "Mikoa ya pembezoni inatumia karibu theluthi hiyo hiyo. Tunaikata mmoja baada ya mwingine kwa siku tisa. Tunasema ni matengenezo, ya saa chache. Miji mikubwa haiguswi, Jua linatulia, na hakuna anayekimbia."

Hesabu ilikubali, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Hospitali za huko?" aliuliza Subilaga.

"Tutapeleka jenereta."

"Zipo ngapi?"

"Mia mbili."

"Vituo vya afya ni mia nane na kumi, Mheshimiwa. Kwa nini tusiwaambie watu wote ukweli? Kila mji upunguze theluthi, hospitali na maji visiguswe popote."

Kokugonza aliikunja karatasi yake polepole.

"Nilipokuwa na miaka tisa," alisema, "tulitangaziwa kwamba kesho maji yatakatika. Waliotangaza walikuwa waaminifu. Mtaa mzima ulikimbilia bomba moja na ndoo. Dada yangu mkubwa alikanyagwa pale. Aliitwa Kemilembe." Akamgeukia Sekela. "Mhandisi, niambie. Kila nyumba ina betri. Wote wakizichomeka leo kwa hofu, mzigo unafika wapi?"

"Asilimia mia na arobaini."

"Na swichi za usalama zinajizima kwa ngapi?"

"Mia na kumi na tano." Sekela alisita. "Zikijizima, Nyavu zote zinapoteza mzigo kwa mara moja."

"Na mawimbi yanarudi kwa mara moja," Kokugonza alimalizia. "Kwa hiyo ukweli wako, Profesa, unaweza kuwaua watu wote. Uongo wangu utawaumiza wachache. Usidhani nitalala."

Idarusi, ambaye hakuwa mfanyakazi wa mtu pale, aliinua mkono. "Mwaka juzi nilihitaji kijiji kizima kizime umeme siku mbili nibadilishe transfoma. Tuliwaeleza sababu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba. Tatu tu ndizo hazikuzima, na mbili kati ya hizo hazikuwa na mtu."

"Hicho ni kijiji, mzee wangu."

"Ndiyo," alisema Idarusi. "Ni kijiji."

Kokugonza alisimama. Sheria ya Nyavu ilikuwa na kifungu kimoja alichokijua kila mtu pale, kwa sababu Subilaga mwenyewe ndiye aliyekiomba zamani: mkuu wa wanasayansi anaweza kuwatangazia wananchi hatari itokayo juani bila kuomba ruhusa. Hakikuwahi kutumika.

"Siwezi kukuzuia," alisema Mkurugenzi. "Nakuomba tu ufikirie hadi jioni. Na ujiulize unamfanyia nani."

Swali hilo lilimfuata Subilaga nje. Alitembea kwenye ukingo wa mashamba ya viazi, ambako wanawake waliovaa makoti ya mvua walikuwa wanajaza magunia. Walimsalimu, akaitikia. Alikuwa amenyamaza mara moja, na mtu akapoteza miaka kumi na tisa. Sasa alitaka kusema. Je, alitaka kuwaokoa watu wa pembezoni, au alitaka kuosha dhamiri yake kwa maisha ya watu wengine? Alimwuliza Idarusi, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta akijikinga na upepo.

"Mimi pia nimejiuliza hivyo juu yako," alisema Idarusi. "Lakini mgonjwa wa pembezoni hajali dhamiri yako iko vipi."

Subilaga akarudi ofisini. Alichukua orodha ya vituo vya afya, akaweka kidole kwenye jina mojawapo bila kuchagua, akapiga simu. Alipokea mwanamke aliyejitambulisha kuwa Muuguzi Ngollo, mfawidhi wa kituo.

Subilaga alikusudia kuujaribu uongo ule kwa mdomo wake mwenyewe, asikie unavyotoka. *Kutakuwa na matengenezo ya saa chache.* Alifungua kinywa.

"Dada, umeme wenu ukikatika, betri zenu zinakaa muda gani?" aliuliza badala yake.

"Saa sita, mama. Ukizidi hapo nina watoto njiti watatu na baba mmoja wa figo." Sauti ya muuguzi haikutetemeka. "Kwani kuna shida? Mkituambia mapema tunajua la kufanya. Kuna hospitali ya misheni ina mitambo yake, tunawahamishia huko. Mwaka juzi mafuriko yalikata nguzo, tulifanya hivyo hivyo. Tatizo ni kuambiwa saa chache halafu iwe siku nzima."

"Ahsante, dada," alisema Subilaga. "Mtaambiwa mapema."

4

Tangazo lilitoka Alhamisi, saa nne kamili asubuhi, kwa redio na skrini zote za nchi kumi na moja. Subilaga aliketi mbele ya kamera akiwa na sweta lake la kila siku.

Alieleza mawimbi, alieleza mvua, alieleza msokoto, kwa maneno ambayo angemweleza mama yake. Kisha akasema:

"Kosa hili ni langu. Mwaka tulipowasha Nyavu, mwenzangu Idarusi Shehoza aliniandikia kwamba litatokea. Sikumsikiliza, na nilikaa kimya alipofukuzwa. Leo yuko hapa, na njia ya kutoka tuliyo nayo ni yake. Ninawaomba mambo mawili. La kwanza, betri yako usiichomeke. Najua utataka. Mamilioni wakichomeka pamoja, mitambo itajizima, na hatutaweza kulizuia Jua. La pili, mpunguze theluthi moja ya umeme wenu, kidogo kila siku, kwa siku tisa. Hospitali na maji tutavilinda kila mahali. Sijawaficha kitu. Nambari ya simu ya chumba hiki ni hiyo mnayoiona."

Taa ya kamera ilizimika. Wote wakaigeukia grafu ya mzigo ukutani.

Mstari ulikuwa asilimia mia moja. Ukakaa hapo dakika moja. Kisha ukapanda.

"Mia na tatu," alisema Sekela.

Kokugonza alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani.

"Mia na saba. Mia na tisa."

Watu walikuwa wanachomeka. Mahali fulani baba alikuwa anavuta waya kutoka ukutani, mama anatafuta soketi ya pili. Subilaga hakuweza kuwachukia. Aliushika ukingo wa meza.

"Mia na kumi na mbili."

"Mteremko wake?" aliuliza Idarusi.

"Unapungua. Sijui. Mia na kumi na tatu."

Hapo mstari ulisimama. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Hakuna aliyekaa. Sekela alikuwa anasoma tarakimu kwa kunong'ona kama mtu anayehesabu pumzi za mgonjwa. Dakika ya kumi na moja simu ya mezani ililia, na aliinyanyua bila kuondoa macho ukutani.

"Kitulo... Ndiyo... Rudia tafadhali." Akaitikia, akaweka simu chini. "Ni chama cha wenye vinu, Mpanda. Wanasema wamezima vinu vyote, na vijana wa pikipiki wanapita mitaani kuwaambia watu wachomoe betri."

Simu ikalia tena kabla hajamaliza. Njombe, shule ya sekondari: mabweni yamezima. Kisha Kasulu, soko. Kisha mzee mmoja wa Mbala, upande wa Zambia, aliyesema kwa Kiswahili cha mpakani kwamba yeye ana taa mbili na friji, friji ameizima, na je, inatosha au azime na taa.

"Mia na kumi na mbili," alisema Sekela, na sauti yake ikapasuka. "Mia na kumi."

Zilifunguliwa simu nne, kisha kumi. Wahandisi walizipokea, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, Sekela alianza kuyaandika majina kwa kalamu nene kwenye kioo kirefu cha dirisha. Goma. Kitale. Nkhata Bay. Kiwanda cha saruji, hakikutaka kutajwa jina. Masista wa Peramiho. Timu ya mpira iliyokuwa na mechi ya usiku ikaihamishia mchana. Mji mmoja ulijigawa mitaa mitatu kwa zamu na kuomba ratiba yake ikaguliwe na mtaalamu. Idarusi aliikagua, akaisifu. Ilipofika saa sita mchana mzigo ulikuwa asilimia tisini na saba, yaani pale pale ulipotakiwa kuwa siku ya kwanza, na kioo kilikuwa kimejaa hadi mahali ambapo mkono wa Sekela haukufika. Akapanda kiti.

Kokugonza alikisoma kioo kile cha majina kuanzia juu hadi chini. Kisha akatoa simu yake mwenyewe na kupiga makao makuu ya Mamlaka, jengo la ghorofa thelathini.

"Zima jengo," alisema. "Lote... Ndiyo, na lifti. Mimi ninajua uko ghorofa ya ishirini na nane. Shuka kwa miguu."

Akaokota kalamu ambayo Sekela alikuwa ameiangusha, akamkabidhi. "Tuandike na sisi," alisema. "Pale chini, ambapo pana nafasi."

5

Siku tisa hazikuwa nyepesi. Siku ya nne mji mmoja ulichoka na kuanza kuwasha, na majirani zake wawili wakajipunguza zaidi kuufidia hadi ulipoona aibu. Siku ya sita, saa tano asubuhi, fundo kubwa lililegea juani kwa mkupuo. Dhoruba ilifika duniani siku iliyofuata. Simu zilikatika nusu siku na transfoma tisa ziliungua, na ndege zikakaa chini. Katika zahanati moja betri ya akiba, iliyokuwa mbovu na hakuna aliyejua, ilikufa kabla gari la wagonjwa halijafika. Watu wawili walifariki: Mariseli Nkwera, mwenye miaka sabini na mmoja, na mtoto wa siku nne ambaye alikuwa hajapewa jina. Subilaga alikwenda mwenyewe kwa wazazi wa mtoto. Alikaa nao kwenye jamvi mchana kutwa, hakujitetea, na aliporudi alisema tu kwamba wamempa jina, anaitwa Tumaini, liandikwe kwenye ripoti.

Siku ya tisa, Ijumaa ya wiki iliyofuata, Wavu wa Tatu na wa Nne zilifikia sifuri. Kitanzi cha kila mmoja kiliendelea kuelea bila kuvuta kitu, na mawimbi yakapita ndani yake yakienda zao juu. Kwenye skrini matao yaliyopoa yalianza kung'aa kuanzia miguuni. Digrii laki nane. Laki tisa na nusu. Idarusi alivaa miwani yote miwili kwa pamoja, mmoja juu ya mwingine.

"Milioni moja na laki moja," alisema Sekela. "Mvua imekatika."

Hakuna aliyepiga makofi. Mhandisi mmoja aliketi sakafuni na kuegemea ukuta. Mkurugenzi Kokugonza alitoka nje, na kupitia dirishani, katikati ya majina, walimwona amesimama peke yake kwenye nyasi, uso ameuinua na macho ameyafumba, anapigwa na jua.

Baada ya hapo Nyavu tano zilifanya kazi, kwa zamu, kila mmoja ukipumzishwa kabla msokoto haujakaza. Umeme ulipungua moja kwa moja. Nchi kumi na moja zilijifunza kuishi nao hivyo, na zilijifunza kwa kiburi fulani. Watoto walioulizwa walikuwa wapi wiki ile walijibu kwa kutaja walichokizima.

Tume ilimhoji Subilaga siku mbili. Alijibu kila swali, kisha akaacha ukuu wa wanasayansi kabla hawajamwomba. Chumba cha kuongozea alikabidhiwa Sekela Mwambungu. Kioo cha dirisha hakikusafishwa.

Kazi moja ilikuwa imebaki, kuliandika jambo lenyewe ili vituo vingine duniani visilirudie. Subilaga aliiandika ripoti kwa mwezi mmoja na nusu, kwenye meza ya karakana kule Tukuyu, kati ya mota mbili zilizofunguliwa, kwa sababu Idarusi alikataa kuziacha pampu za watu zisubiri. Jumuiya ya wanasayansi ilikuwa imeandika ikitaka kuiita kanuni ile ya misokoto kwa jina la Mwaisaka. Subilaga aliwajibu kwa mistari miwili kwamba kanuni ina mwenyewe.

Asubuhi ya kuipeleka, alimwekea Idarusi ukurasa wa kwanza juu ya meza. Mzee aliifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akabadilisha miwani. Aliusoma ukurasa wote, akarudi kwenye kichwa cha habari, akakaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika kusoma maneno manne. Nje, mteja alibisha hodi, Idarusi hakumsikia.

"Subilaga," alisema mwishowe.

"Naam, kaka."

Idarusi aligonga karatasi kwa kidole, hasa juu ya jina lake, na sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Shehoza lina h mbili. Hapa umeweka moja. Rekebisha."